Maarifa Yaletwe Ghalani

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Ushirika wetu, Mafinga



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za hesabu, za mikopo na za bei ya mbao, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Kamati ya Elimu imepewa jambo moja tu, nalo ni hili: maarifa waliyo nayo wanachama wetu yagawanywe kwa njia gani, ili yamfae kila mmoja, katika siku hizi ambazo simu imeingia katika nyumba nyingi za vijiji vyetu? Mwisho wa maneno yetu tutaweka mbele ya mkutano shauri ambalo twaomba lijadiliwe na kupigiwa kura.

Yafaa tuanze na zao letu lenyewe. Mkulima wa mahindi akikosea mbegu hupata hasara ya msimu mmoja. Mwaka unaofuata hujirekebisha, na akiwa mtu makini, katika miaka ishirini atakuwa amejaribu mara ishirini. Mkulima wa miti hana bahati hiyo. Msindano wa kupasuliwa mbao njema wataka miaka 18 hata 25 shambani. Mtu aliyepanda akiwa na umri wa miaka thelathini huvuna akiwa na hamsini au zaidi; akipanda tena, huenda mavuno yakawa ya watoto wake. Basi katika maisha yake yote mtu huyo ana majaribio mawili, au matatu akijaliwa umri mrefu. Ni nani awezaye kuwa fundi wa kazi yoyote kwa kuijaribu mara mbili?

Hapo ndipo ilipo faida ya kuwa wengi. Miongoni mwetu yuko mwenye miche ya mwaka mmoja, yuko mwenye miti ya miaka sita inayongoja kupunguzwa, na yuko aliyekata mwaka jana. Ukipita katika mashamba ya wanachama ishirini kwa siku moja, utaona kwa macho yako miaka ishirini ya kazi. Utaona palipopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, yaani miti 1,111 kwa hekta, au kama 450 kwa ekari. Na utaona palipobanwa kwa tamaa ya kupata miti mingi, shina likawa jembamba kama mpini. Mkulima wa miti hawezi kujifunza peke yake. Hana wakati wa kutosha duniani. Kwa mkulima wa mazao mengine kujifunza pamoja ni msaada mzuri. Kwetu sisi hakuna njia nyingine.

Hata wilaya yetu yenyewe yatufundisha hivyo. Mufindi si nchi ya namna moja. Mdabulo na Luhunga kuna mvua nyingi na ukungu. Sadani na Malangali ni pakavu zaidi. Lililofaa upande mmoja huenda lisifae upande wa pili, na mtu asiyetoka kijijini kwake hawezi kulijua jambo hilo mpaka miti yake imwonyeshe, baada ya miaka mingi.

Ndugu wana-ushirika, twafahamu sote kwamba maarifa hayo hayakosekani. Yapo, lakini yamekaa vipande vipande, kila kipande katika kichwa cha mwenyewe. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walisema kweli, ila ushirika ulianzishwa kwa ajili ya mambo ya namna hiyo hiyo: kila mtu alikuwa na kilo zake chache, nazo hazikuwa na nguvu sokoni mpaka zilipoletwa ghalani, zikapimwa, zikapangwa madaraja, zikaandikwa jina la aliyezileta. Sisi twasema kwamba maarifa nayo ni zao, nayo yafuate njia ile ile.

Sasa tutazame simu. Tangu waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na mingine kufuata, intaneti imekuwa nyepesi zaidi mwaka hata mwaka, na makundi ya WhatsApp ya wakulima yameenea. Hatuyadharau hata kidogo. Wakati viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi ya nchi yetu mwaka 2017, mkulima aliyekuwa na simu aliweza kupiga picha ya mdudu na kuituma mbali kabla mjumbe hajavaa viatu. Kwa habari ya haraka simu haina mfano.

Lakini habari ni kitu kimoja, na maarifa ni kitu kingine. Tuchukue mfano. Mwanachama aandika katika kundi: "Miche yangu ya misindano inakuwa ya njano, nifanye nini?" Kabla ya saa moja kupita atapata majibu kumi na mawili. Mmoja atasema weka mbolea, mwingine atasema ni mchwa, wa tatu ana dawa ya kuuza na ametaja bei yake. Wa nne ametuma salamu za asubuhi, na wa tano amepeleka maneno aliyopelekewa na mtu asiyemjua. Hakuna aliyeuliza kitalu kiko wapi, wala miche ina umri gani, wala udongo ulitoka wapi. Pengine katika kundi hilo hilo yumo mzee aliyefanya kazi ya vitalu miaka mingi, naye angeuliza neno moja tu: "Je, ulichanganya udongo wa chini ya misindano mikubwa?" Kwa maana udongo ule una kuvu wanaoishi pamoja na mizizi ya msindano na kuusaidia kupata chakula, na mche uliooteshwa mahali pasipokuwa nao mara nyingi hudumaa na kuwa wa njano. Lakini mzee yule ni mzito wa kuandika, na kabla hajamaliza, mazungumzo yamekwisha kuhamia mpira.

Tena hata kama mzee yule angejibu, jibu lake lingezama siku ile ile chini ya maneno mengine. Mwaka ujao mwingine atauliza swali lile lile, na kila mmoja ataanza upya kana kwamba halijapata kuulizwa. Kupokea mali ya namna hiyo kila siku bila kuwa na ghala ni sawa na kumwaga mahindi njiani.

Liko na jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Katika simu husikika sana waliofanikiwa. Aliyeuza vizuri hupiga picha ya lori. Aliyepata hasara hunyamaza. Muuza miche hutangaza miche iliyostawi, hatangazi iliyokufa. Basi anayejifunza kwa simu peke yake hujifunza nusu ya ukweli, na ile nusu iliyofichwa ndiyo ambayo ingemwokoa. Shamba lililoteketea kwa kukosa njia ya kuzuia moto lina mafundisho makubwa kuliko mashamba kumi yaliyosalimika, kama mwenyewe akikubali kusema na sisi tukikubali kumsikiliza bila kumcheka.

Bwana Mwenyekiti, kujifunza kwa pamoja katika nchi hii hakukuanza na simu. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, nacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mwaka 1964 kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichopeleka masomo kwa wanachama kwa njia ya posta, kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea. Kisha zikaja kampeni za elimu ya watu wazima kwa redio: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980. Wazee waliomo katika ukumbi huu wanazikumbuka.

Katika kampeni ya Mtu ni Afya walishiriki watu wapatao milioni 2, katika vikundi vipatavyo 75,000. Yafaa tuulize kwa nini ilifaulu. Kikundi kilikuwa kidogo, watu wakifahamiana. Kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi ya kuongoza mazungumzo. Kilikuwa na siku yake na saa yake. Mkononi kilikuwa na kitabu kidogo chenye maneno yaliyopimwa. Na mwisho wa mazungumzo wanakikundi waliulizana: basi tutafanya nini? Wakaenda wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Vikundi ndivyo vilivyochimba.

Wenzetu wa Canada walikuwa wametangulia katika njia hiyo. Tangu mwaka 1941 hata mwaka 1965 wakulima wao walikusanyika majumbani kusikiliza matangazo ya baraza la redio la wakulima, na wito wao ulikuwa wa maneno manne: soma, sikiliza, jadili, tenda. Lakini liko jambo moja walilolifanya ambalo twaomba mlishike. Kila kikundi kiliandika majibu yake na kuyapeleka kwa katibu wa jimbo, naye akayakusanya, na muhtasari wake ukasomwa redioni, ili waliosema upande huu wasikiwe na wa upande ule. Neno lilikwenda, likarudi.

Ukilinganisha mambo hayo na ya leo, utaona kitu cha ajabu. Redio ilikuwa na sauti ya kwenda tu. Simu ina sauti ya kwenda na kurudi, tena mara moja. Kwa chombo tumewapita wazee wetu mbali sana. Lakini tulipopata chombo, tuliacha njiani kitabu, na kiongozi, na siku, na uamuzi wa mwisho. Simu imempa kila mtu kinywa, lakini haikutupa mwenyekiti. Kazi iliyo mbele yetu ni kurudisha yale manne na kuyatia ndani ya simu.

Tena tusidhani kwamba katika intaneti hakuna waliopata njia njema. Iko Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Humo mtu yeyote aweza kuandika. Walakini kila badiliko hubaki na historia yake, anayeandika hutakiwa kuonyesha alikolipata neno, na ubishi una ukurasa wake wa majadiliano, mbali na makala yenyewe. Twajifunza humo kwamba baraza ni mahali pamoja na ghala ni mahali pengine. Watu wabishane barazani kadiri wapendavyo, lakini kinachoingia ghalani kiwe kimepimwa. Na huko Kenya mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa Wefarm, ambao mkulima mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti, alituma swali kwa ujumbe mfupi nalo likajibiwa na wakulima wenziwe. Twaona basi kwamba kukosa simu ya bei kubwa si sababu ya kumwacha mtu nje.

Kwa mambo hayo yote, Kamati yaleta shauri lifuatalo, lenye vipengele vitano.

Kwanza, swali liulizwe kwa ukamilifu. Anayeuliza ataje kijiji chake, shamba liko mlimani au bondeni, aina ya mti, umri wake, mbegu ilitoka wapi, na ni nini alichokwisha kufanya. Swali lililo kamili ni nusu ya jibu.

Pili, anayejibu aseme amejuaje. Aseme, "Nimefanya shambani kwangu mara mbili," au "Nimeona kwa jirani," au "Nimefundishwa," au "Nimesikia tu." Yote manne yaruhusiwa, ila yasichanganywe. Ndiyo maana ya kupanga madaraja. Na mwenye bidhaa ya kuuza aseme wazi kwamba anauza.

Tatu, awepo katibu wa maarifa. Kazi yake ni kukusanya kila mwezi maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, kuyapeleka kwa wataalamu yale yenye shaka, na kuyaandika yaliyokubaliwa katika daftari litakalokaa ofisini na kutumwa kwa kila tawi. Wataalamu hatuwakosi. Shamba la Miti Sao Hill liko mlangoni petu, nalo lilianza na upandaji wa majaribio mwaka 1939. Hapa hapa Mafinga kiko kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Na Morogoro iko Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wataalamu hao hawawezi kujibu watu mia kwa siku, lakini waweza kujibu maswali kumi yaliyoandikwa vizuri kwa mwezi.

Nne, daftari lisomwe kwa sauti. Mara moja kila mwezi, kila tawi likutane kwa saa moja, na mwenye kisomo awasomee wenziwe. Wako kina mama wanaotunza vitalu usiku na mchana, nao hawana simu ya kuingia katika kundi. Wako wazee wenye maarifa kuliko sisi sote, ambao herufi za simu ni ndogo kwa macho yao. Wakisikia yaliyoandikwa, watasema, "Hapa mmepungukiwa," na katibu ataandika maneno yao pamoja na majina yao. Elimu inayowafikia wenye simu tu itatugawa katika matabaka mawili, na ushirika haukuanzishwa kwa ajili hiyo.

Tano, aliyepewa shauri arudi kueleza lilivyomwendea, zuri au baya. Hiki ndicho kipengele ambacho wengi watakiona kidogo, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Shauri lisilorudishiwa habari halijulikani kama ni dawa au sumu. Anayekuja kusema, "Nilifuata, miti ikafa," apewe shukrani sawa na yule aliyevuna, kwa kuwa ametuokolea miaka ishirini.

Tunaongeza neno moja juu ya moto. Katika miezi ya kiangazi, habari ya moto isingoje swali kamili, wala daftari, wala mkutano. Anayeona moshi aseme mahali na upande wa upepo, basi. Hayo ndiyo mambo ambayo kundi la simu liachwe wazi kwa ajili yake, na wanaojaza salamu na vichekesho saa hizo wafahamu kwamba wanaziba njia ya kengele.

Bwana Mwenyekiti, tumesikia pingamizi mbili, nazo ni za haki, yafaa zijibiwe.

Wa kwanza wauliza: "Nikimfundisha jirani siri ya kitalu changu, si atanipokonya wateja?" Ndugu, huenda akakupokonya wawili watatu. Lakini fikiri upande wa pili. Moto na wadudu havijui mpaka wa shamba. Jirani asiyejua kufyeka njia ya kuzuia moto ndiye atakayekuunguza. Mbao mbovu za jirani hushusha jina la mbao za Mafinga, na mnunuzi wa mbali hatofautishi. Na mnunuzi anayekuja shambani na hesabu yake kichwani hufurahi sana akikuta kila mkulima amekaa na siri yake, hakuna ajuaye kupima mti katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, wala ajuaye mwenziwe aliuza kwa kiasi gani. Katika siri zetu hizo, yeye ndiye apataye faida. Zaidi ya hayo, katika daftari letu jina la aliyetoa maarifa litaandikwa, na watu watajua ni kitalu cha nani chenye mtu ajuaye kazi.

Wa pili wauliza: "Gharama atalipa nani?" Wale watu 28 walioanzisha duka la ushirika Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, walikuwa maskini kuliko wengi wetu, hata hivyo chama chao kilikuja kutenga asilimia 2.5 ya faida kwa ajili ya elimu, wakafungua na chumba cha kusomea. Nao Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani, ulipoweka misingi saba ya ushirika mwaka 1995, wa tano ulikuwa elimu, mafunzo na habari. Elimu ni moja ya nguzo za nyumba yetu. Si pambo la kutundikwa ukutani. Twaomba posho ndogo ya katibu, bei ya daftari, na gharama ya kupiga chapa muhtasari wa kila mwezi kwa matawi, zote zitoke katika fungu la elimu. Twaomba jambo hili lijaribiwe kwa mwaka mmoja, kisha hesabu yake iletwe mbele yenu: maswali mangapi yaliulizwa, mangapi yalijibiwa, na wangapi walirudi kueleza. Likionekana halifai, liachwe.

Ndugu wana-ushirika, katika miaka kumi hii tumejifunza kuleta pamoja fedha zetu, na mtu hashangai tena kuona shilingi zake zimekaa pamoja na za mwenziwe. Miti mingi iliyopandwa mwaka ule tulioanza bado imesimama, nayo yahitaji miaka minane au zaidi ili ikomae. Wako miongoni mwetu wanaoshawishiwa kuikata sasa, ingali midogo, kwa bei ya kuni. Wako wanaoipanda upya mwaka huu kwa mbegu zilizookotwa popote. Kama wakiamua wakiwa peke yao usiku, simu mkononi, maneno ya wasiowajua yakiwavuta huku na huku, matokeo yake yataonekana wakati wengi wetu hatupo. Lakini kama wakiamua pamoja na wenzao waliokwisha kupita njia hiyo, watoto wetu watakaosherehekea miaka thelathini ya Ushirika huu watakata mbao ambazo hatutaziona, na watafungua daftari wakute majina yetu.

Kwa maneno hayo, Bwana Mwenyekiti, Kamati ya Elimu yaliweka shauri lake mbele ya mkutano, na kuomba lipigiwe kura.

Ushirika udumu.